Namna ya kupanga somo ya Asia ya Mashariki ku Lubumbashi hata kama hauna mtaalamu

Bakolega, kama shefu wa depatma amekuambia "tengeneza kitu juu ya Asia" na weye haujafikaka hata Guangzhou, usiogope. Ila usifanye sawa miye mwaka wa kwanza: nilianza na jamaa za bafalme ba China, Shang, Zhou, Qin, Han, kufika ku Tang nusu ya banafunzi inalala, nusu ingine iko ku telefone.

Anza na kitu ya hapa. Mugodi ya Shinkolobwe iko pale karibu na Likasi, na uraniumu yake njo ilienda Marekani ikatumika ku kutengeneza bomu ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Ni kitu moja tu lakini angalia kazi inatoa: mtu wa jiolojia anaeleza juu ya nini ile madini ilikuwa tajiri vile, wa fizika anachukua bomu, wa historia anachukua Union Minière, ile kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, na Babelji, wa sheria analeta swali ya raia mu vita. Kisha weye uliza: bale balikufa Hiroshima, bote balikuwa Bajapani? Hapana, Bakorea bengi balikuwa mule, juu Japani ilitawala Korea toka 1910 mpaka 1945 na bengi balipelekwa kule kazi ya nguvu. Hapo hata bale ba nyuma banaamuka, juu habari ya kazi ya nguvu banaisikiaka toka kwa bankambo yabo.

Toka pale uende ku mugodi ya Musoshi. Bajapani balichimba shaba kule miaka ya 1970, na bazee balifanya nabo kazi bangali bazima, bengine beko hapa hapa mjini. Tuma banafunzi babili babili bakaongee nabo, barudie na kurasa mbili za mkono, hiyo njo utafiti, haiombe viza.

China itakuya yenyewe, hauna haja ya kuiita. CMOC, kampuni ya China, iliingia mu mugodi ya Tenke Fungurume mu 2016, Sicomines, kampuni ya Bachina na Kongo pamoja, iko Kolwezi, kila mwanafunzi eko na shemeji anafanya kule, basi usipokamata vizuri somo yote inageuka kesi ya mishahara. Miye naipatia wiki tatu, na ya kwanza naifungua na 1972, wakati Zaire iliachana na Taipei (Taiwan) ikapatana na Pekin (China), kisha Mobutu akaenda kule Januari 1973.

Sasa ile inaharibishaka somo za bantu bengi: kila prof anakuya, anasema saa mbili zake, anakamata mufuko, anaenda. Hiyo haiko somo moja, ni somo ine mu cahier moja. Sharti yangu ni mbili: mtu wa jiolojia abakie akae wakati mtu wa historia anasema, na ekizame inakuwa na swali moja kubwa yenye kusahihishwa na babili ba fakilte tofauti. Batapigana juu ya pointi, ni sawa, bapigane. Ila habari ya malipo ya masaa muiandike ku karatasi mbele ya kuanza, miye nilifundisha mwaka muzima na ndani ya liste ya malipo jina langu haikuwa.

Ku majina ya Bachina na Bakorea: jina ya jamaa njo inatangulia, Mao Zedong ni Bwana Mao, Ban Ki-moon ni Bwana Ban. Na ukitafuta vitabu uandike namna zote, juu pinyin, namna ya leo ya kuandika Kichina na herufi zetu, ilipitishwa mu 1958 tu na vitabu vya zamani viko na Mao Tse-tung.

Luga je? Fundisha hangul, ile maandishi ya Kikorea mfalme Sejong alitangaza mu 1446, herufi 24 za leo mwanafunzi mwenye bidii anazisoma mu wiki moja, anafurahi. Kichina uwaachie bale banataka kuendelea, na kama mtu eko Muluba ao Mubemba umuambie zile sauti ine za Kichina, zenye kubadilisha maana ya neno, hazitamusumbua sana, kwa mama yake anapandisha na kushusha sauti kila siku.

Print kila kitu mbele, courant itakatika saa ya video, na wazee ba Musoshi ubapigie asubui, kisha chakula banalalaka.