Kuanza utafiti wa ini ukiwa Pemba: anzia kwenye chupa ya damu

Vijana wa maabara hapa Chake Chake hunijia na swali lilelile: Bi mkubwa, nataka kuwa mtafiti wa ini na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, niombe shahada wapi? Shahada zipo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Muhimbili na ng'ambo. Mimi huwaambia kwanza nioneni mnavyotoa damu, maana namba za ini huharibika hata kabla hazijafika kwenye mashine.

Jifunze ALT na AST. Vimeng'enya hivi vimo ndani ya seli za ini, na ini likiumia huvuja kwenye damu. Ila AST imo pia ndani ya chembe nyekundu. Ukivuta sindano kwa pupa au ukiitikisa chupa, chembe hupasuka, na ukishaizungusha damu kwenye mashine, yale maji ya juu yanatoka mekundu badala ya manjano. Hiyo usiipime. Mrudie mtu wako, umwombe nyingine kwa adabu.

Nasisitiza hivyo kwa sababu pasipo mashine ya kupimia ugumu wa ini, tunategemea FIB-4, hesabu ya kukisia makovu ya ini: umri mara AST, ugawe kwa chembe za kugandisha damu mara kipeuo cha pili cha ALT. Chukua mtu wa miaka 52, AST 60, ALT 49, chembe za kugandisha damu 180 kwa maelfu. Juu unapata 3,120, chini 1,260, jibu 2.48. Chini ya 1.3 hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Juu ya 2.67 ni kubwa. Huyu yuko katikati. Sasa AST ipande hadi 66 kwa sababu ya sindano yako tu: jibu ni 2.72, na mtu wa watu umeshamtia kwenye kundi la wagonjwa.

Sukari ina vitimbi vyake. Damu ikikaa bila kutenganishwa, chembe zinaendelea kuila sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ukitoa damu Kojani, ukangoja mashua, kisha gari, na jua lile, sukari ya 7.2 (mmol/L) inaweza kusomeka 6.4, na mwenye kisukari akaambiwa hana. Tumia chupa ya kizibo cha kijivu, weka kwenye barafu, na uandike saa ya kutoa na saa ya kuzungusha. Daftari lisilo na saa mimi silisomi.

Na Ramadhani je? Usimtoe mtu damu ya njaa saa mbili asubuhi eti kwa kuwa amefunga. Daku amekula saa kumi usiku! Mngoje hadi adhuhuri ipite, zitimie saa nane za tumbo tupu. Wala usichanganye damu za Ramadhani na za miezi mingine kwenye jedwali moja bila kuziwekea alama.

Kwenye kuchagua swali ndipo wengi wanapopotea, kwa kunakili la wenzao. Kichocho kinachoharibu ini ni cha kule Ziwa Victoria. Chetu cha Unguja na Pemba ni cha mkojo. Kwetu uliza juu ya homa ya ini B, sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye njugu zilizohifadhiwa vibaya, au mafuta kwenye ini la mwenye kisukari. Hili la mwisho ndilo ningelichagua mimi leo: dawa ya kwanza ya uvimbe wa ini unaotokana na mafuta, resmetirom, iliidhinishwa Marekani Machi 2024, na kumbe mgonjwa akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito uvimbe huo mara nyingi hupungua bila dawa. Ukitafuta makala, tafuta NAFLD na MASLD, jina la zamani na jipya la ugonjwa huu wa mafuta kwenye ini, maana jina lilibadilishwa 2023.

Idhini ya maadili inaombwa ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar, Unguja. Usiguse mkono wa mtu kabla hujaipata. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi inafanya utafiti tangu 2000. Nenda ukaombe kujitolea.

Kwa msimamizi unayemtaka, tuma ukurasa mmoja: swali lako, jedwali la vipimo ulivyofanya mwenyewe, na ulivyovitupa na sababu yake. Akinyamaza wiki mbili, mwandikie tena.