Kuhamia nchi ya gharama nafuu ukiwa unafanya kazi mtandaoni: anza na kibali, bei ije mwisho

Wengi wanaotaka kuhama huanza kwa kutafuta nchi yenye nyumba za bei ya chini, wakakata tiketi, ndipo wakauliza habari za viza. Mpangilio huo ndio unaowatia hasara. Nchi rahisi hugeuka ghali mara moja ukilazimika kuvuka mpaka kila viza inapoisha, ukidaiwa kodi na nchi mbili, au ukimpoteza mteja kwa sababu vikao vyake vinaangukia usiku wa manane. Chuja nchi kwa utaratibu huu: ruhusa ya kukaa, saa za kazi, kodi, intaneti, halafu bei.

Ruhusa ya kukaa

Viza ya utalii ni ya kutalii. Hata pale ambapo sheria haisemi wazi kama kumhudumia mteja wa nje kwa kompyuta yako ni kufanya kazi, anayeamua ni ofisa uhamiaji aliye dirishani, na uamuzi wake ukiwa mbaya unarudishwa ulikotoka. Tangu mwaka 2020 nchi kadhaa zimeanzisha viza mahususi kwa watu wanaolipwa kutoka nje. Mauritius inataka kipato cha dola 1,500 za Marekani kwa mwezi kwa viza yake ya mwaka mmoja, na haitozi ada ya maombi. Namibia inataka dola 2,000 kwa mwezi, na ukaaji ni miezi 6. Malaysia hupima kwa mwaka: zaidi ya dola 24,000 kwa watu wa teknolojia, na kiwango cha juu zaidi kwa fani nyingine. Thailand, kwa viza yake ya DTV iliyoanza 2024, huangalia akiba badala ya mshahara: baht 500,000 benki. Viza hiyo hudumu miaka 5, lakini kila ukiingia unapewa siku 180 tu. Ureno imefunga kiwango chake kwenye kima cha chini cha mshahara, mara nne yake, kwa hiyo kima kikipanda na sharti linapanda. Soma kiwango kwenye tovuti ya ubalozi wiki unayoomba, kwa sababu masharti haya hubadilika.

Hapa ndipo maombi mengi hukwama: mkaguzi hahesabu ulichoandika kwenye ankara, anahesabu kilichoingia benki. Ukimtoza mteja dola 2,000 na makato ya kutuma yakala 60, taarifa ya benki itaonyesha 1,940, na kwa sharti la 2,000 umeshindwa. Usiombe kama kipato chako kinagusa kiwango tu. Uwe na ziada ya angalau asilimia 10. Fedha nyingi zilizowekwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi nazo huzua maswali. Kinachoaminika ni taarifa za miezi 3 hadi 6 zinazoonyesha fedha zikiingia kwa mfululizo, zikiwa na mikataba yenye majina yaleyale ya wateja.

Mengine unayohitaji ni barua ya mwajiri inayotaja nchi unayokwenda na kukuruhusu kufanyia kazi huko, bima ya afya, cheti cha polisi cha tabia njema, na pasipoti yenye uhai wa zaidi ya miezi 6 na kurasa mbili tupu. Cheti cha polisi kichukue mwisho, maana mara nyingi hakikubaliki kikizidi miezi 3 au 6. Nyaraka zikitakiwa kuthibitishwa, angalia kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, unaorahisisha kutambua hati za nchi nyingine: zikiwemo, muhuri mmoja wa apostille unatosha. Zisipokuwemo, hati hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na safari hiyo yaweza kula wiki kadhaa.

Saa za kazi

Chora siku yako kwenye karatasi kabla ya kupenda nchi. Mteja wa London anayefanya kazi saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, wakati wa baridi, atakukuta Mauritius kati ya saa 7 mchana na saa 3 usiku. Hilo linabebeka. Ukiwa Thailand, saa hizohizo ni saa 10 jioni hadi saa 6 usiku. Mteja wa New York ndiye mgumu zaidi: kutoka Thailand utamhudumia kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, na hakuna unafuu wa pango unaofidia mwaka mzima wa kulala mchana.

Kumbuka pia majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo; nchi nyingi za tropiki hazisogezi kabisa. Katikati ya tarehe hizo mbili pengo kati ya wateja wako si lile ulilozoea, na vikao hukosewa. Andika kila kikao kwenye kalenda kwa saa za mteja, uiache simu ibadilishe yenyewe.

Kodi

Nchi nyingi hukuhesabu mkaazi wa kodi ukikaa siku 183 au zaidi kwa mwaka, ila si hicho kigezo pekee: nyumba ya kudumu na familia ulivyoviacha nyumbani vinaweza kukufanya uendelee kudaiwa huko. Kwa hiyo kuondoka peke yake hakukuondoi kwenye daftari la kodi. Raia wa Marekani hutakiwa kuwasilisha ritani popote walipo. Tafuta kama nchi hizo mbili zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Ukiwepo, utahitaji cheti cha ukaazi wa kodi kutoka upande mmoja.

Kama umeajiriwa, usimfiche mwajiri. Mfanyakazi akikaa nchi nyingine, kampuni yaweza kuhesabiwa kuwa na tawi huko na kudaiwa kodi na michango ya hifadhi ya jamii. Akigundua mwenyewe kupitia anwani ya intaneti yako, mkataba unaweza kuvunjwa. Pata ruhusa kwa maandishi. Hatua hii isirukwe hata kidogo, hata kama msimamizi wako amekuambia kwa mdomo kwamba hakuna neno.

Intaneti na umeme

Kasi inayotangazwa ni ya kupakua; kazi yako inategemea ya kupakia. Kikao cha video chenye picha safi kinataka Mbps 3 hadi 4 kila upande, na ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 hivi. Pima ukiwa ndani ya chumba utakachofanyia kazi, si sebuleni, na upime mara tatu: asubuhi, saa za kazi zako, na saa 2 usiku majirani wote wanapotazama filamu. Umeme ukiwa wa kukatika, nunua betri ndogo ya ruta ya volti 12. Ruta hula umeme kidogo, na betri ya aina hiyo huiweka hewani kwa saa kadhaa huku kompyuta ikitumia chaji yake. Laini ya simu ya kampuni tofauti na ile ya nyumbani iwe akiba.

Soma maandishi kwenye chaja. Ikisema 100-240V, unahitaji kibadilisha plagi tu. Benki ya chaji huingia nayo ndani ya ndege, haiwekwi kwenye begi la chini, na isizidi Wh 100 (wati-saa, yaani mAh ikigawanywa kwa 1,000 kisha kuzidishwa kwa volti): mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, iko salama.

Kabla ya kuondoka hamisha namba za uthibitisho za benki kutoka SMS kwenda programu ya kuthibitisha, pale benki inaporuhusu. Isiporuhusu, washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, na uweke salio ili laini isifungwe. Kufungiwa akaunti mshahara ukiwa ndani ndilo tatizo linalowakumba wengi wiki za mwanzo. Kumbuka Uturuki huzifungia simu zilizotoka nje baada ya siku 120 zisiposajiliwa.

Nyumba na fedha za kuanzia

Usilipe amana kwa nyumba uliyoiona kwenye picha. Kodi chumba cha muda kwa siku 10 hadi 14, uzunguke mtaa mchana na usiku, ndipo usaini. Kwenye mkataba tafuta mambo manne: nani analipa umeme na maji, amana inarudi lini na inakatwa kwa lipi, notisi ni ya siku ngapi, na kama mwenye nyumba atakubali kukusajili kwa uhamiaji. Hilo la mwisho hupuuzwa. Thailand, kwa mfano, mwenye nyumba hutakiwa kumtaarifu uhamiaji kuhusu mgeni ndani ya saa 24 kwa fomu TM30, na bila risiti yake unaweza kukwama ukitaka kuongeza muda.

Beba matumizi ya miezi mitatu, pango la kwanza pamoja na amana, na nauli ya kurudi isiyoguswa. Linganisha pia njia za kupokea fedha: tofauti ya asilimia 3 kwenye ubadilishaji wa dola 1,500 ni dola 45 kwa mwezi, yaani 540 kwa mwaka.

Bima ya safari hutibu dharura na kwa kawaida huacha maradhi uliyokuwa nayo. Kwa mwaka mzima chukua bima ya afya ya kimataifa, usome ukurasa wa yasiyolipwa kabla ya ule wa yanayolipwa. Chanjo ya homa ya manjano, nchi ikiidai, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Cheti chake sasa ni cha maisha. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na zenye kodeini au tramadoli ziulizie ubalozini kwanza, maana nchi nyingine huzihesabu dawa za kulevya.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga video kila chumba, mita ya umeme na ya maji, kisha mtumie mwenye nyumba jioni hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote wawili.