Kupanga Sprinti kwa Zana ya Kufuatilia Mradi: Lengo Kwanza, Tiketi Baadaye

Timu nyingi za kuunda programu huanza kupanga mradi kwa kufungua zana ya kufuatilia kazi, kuijaza tiketi, yaani kadi ambazo kila moja hubeba kazi moja, kuziandikia majina ya watu na kubofya kitufe cha kuanzisha sprinti. Wiki mbili zikipita, ubao umejaa kadi zilizoishia njiani, na hakuna anayeweza kueleza ni jambo gani mtumiaji analiweza leo ambalo hakuliweza wiki mbili zilizopita. Zana haina kosa hapo, kwa kuwa kazi yake ni kutunza maamuzi ambayo watu wameshayafanya. Mwongozo huu unaeleza maamuzi hayo, utaratibu wa kuyafikia na namna ya kuyaingiza katika zana, iwe ni Jira, Redmine, Trello au nyingine yoyote. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini kazi ni ileile. Mfano tutakaoufuata ni wa programu ya simu inayomwezesha mgonjwa kuweka miadi ya kumwona daktari.

Kabla ya kuingia ndani, neno sprinti lenyewe linahitaji ufafanuzi, maana limepotosha wengi. Katika Scrum, mfumo wa kuendesha kazi ya timu kwa vipindi vifupi uliowasilishwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995, sprinti ni kipindi chenye urefu usiobadilika, kisichozidi mwezi mmoja, ambacho mwishoni mwake lazima kuwe na kitu kinachofanya kazi. Hayo si mashindano ya mbio, na timu inayomaliza kila sprinti ikiwa hoi imepanga vibaya. Kwa timu inayoanza, wiki mbili zinatosha: ni muda mrefu wa kutosha kukamilisha jambo lenye maana, na mfupi wa kutosha ili kosa la kupanga lisigharimu sana.

Orodha moja, mpangilio mmoja

Kazi zote zinazosubiri zikae katika orodha moja, na mtu mmoja, yaani mwenye bidhaa, awe na kauli ya mwisho kuhusu ipi itangulie. Zana nyingi hutoa sehemu ya kuandika kipaumbele cha juu, cha wastani au cha chini, nami ningeshauri sehemu hiyo isitegemewe, kwa sababu baada ya miezi michache karibu kila tiketi huwa na kipaumbele cha juu. Badala yake, buruta tiketi juu au chini hadi kila moja iwe na nafasi yake. Katika orodha iliyopangwa hivyo hakuna tiketi mbili zinazoweza kuwa za kwanza kwa pamoja, na ubishi ambao ungezuka katikati ya sprinti unamalizwa mapema.

Sehemu ngumu zaidi, na ambayo timu huipa muda mdogo kuliko inavyostahili, ni kukatakata kazi kubwa. Chukua kazi ya "kuweka miadi". Mwanaprogramu huvutwa kuigawa kwa tabaka za kiufundi: tiketi moja ya hifadhidata, nyingine ya seva, nyingine ya skrini za simu. Mgawanyo huo unapendeza machoni, lakini tiketi mbili kati ya hizo tatu zinaweza kukamilika bila mgonjwa kupata chochote. Ni afadhali kukata kwa kupitisha kisu katika tabaka zote, ili kila kipande, hata kikiwa kidogo, kiwe ni kitu ambacho mtu anaweza kukitumia. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa "mgonjwa aone nafasi zilizo wazi za daktari mmoja kwa siku ya leo". Cha pili, "mgonjwa achague nafasi na kupata uthibitisho". Baadaye ndipo waje madaktari wengi, siku zijazo, kufuta miadi na ujumbe wa ukumbusho. Vipande hivi vyote vikusanywe chini ya kazi mama moja katika zana, ili mwenye bidhaa aone safari nzima bila kulazimika kusoma tiketi moja moja.

Ndani ya tiketi, andika nani anahitaji jambo hilo, kwa nini, na masharti ambayo yakitimia kila mtu atakubali kuwa kazi imekwisha. Masharti ndiyo yanayookoa muda. Kwa tiketi ya kuchagua nafasi, sharti la kwanza ni kwamba nafasi iliyochukuliwa isionekane tena kwa wengine. La pili ni kwamba wagonjwa wawili wakibofya nafasi moja kwa wakati mmoja, mmoja tu ndiye aipate na mwingine aelezwe achague nyingine. Sharti hilo la pili hubadilisha kabisa ukubwa wa kazi, na timu isiyoliandika hukutana nalo siku ya mwisho ya sprinti. Kipimo changu cha tiketi iliyo tayari ni rahisi: kama msanidi aliyekuwa likizo hawezi kuisoma na kuanza kazi kwa maswali mawili au matatu tu, bado haijaiva. Kama inaelekea kuchukua zaidi ya siku tatu, ikatwe tena.

Tiketi za zamani zilizolala chini kabisa ya orodha kwa zaidi ya mwaka zifungwe. Jambo la maana litarudi lenyewe.

Kuandaa ubao

Safuwima tano zinatosha timu nyingi: Inasubiri, Inafanywa, Inapitiwa, Inajaribiwa, Imekamilika. Kila safuwima inayoongezwa ni mahali pengine pa tiketi kukwama bila mtu kuiona. Sehemu za lazima za kujaza nazo ziwe chache, kwa kuwa mtu akilazimishwa kujaza sehemu 12 atajaza uongo katika 8.

Kabla ya sprinti ya kwanza, kubalianeni maana ya neno "Imekamilika" na kuiandika mahali ambapo kila mmoja anaiona, hata katika maelezo ya ubao wenyewe. Kwa programu yetu ya miadi, tiketi imekamilika pale msimbo ulipopitiwa na mtu mwingine, majaribio ya kiotomatiki yamepita, toleo limewekwa kwenye seva ya majaribio na mwenye bidhaa ameliona likifanya kazi. Pasipo makubaliano hayo, mmoja atahamisha kadi alipomaliza kuandika msimbo, mwingine atasubiri hadi majaribio yaishe, na takwimu zote za zana hazitakuwa na maana.

Kisha wekeni ukomo wa idadi ya kadi zinazoruhusiwa kuwa kazini kwa wakati mmoja. Watu hulipinga jambo hili kwa kudhani kwamba kuanza mengi ni kufanya mengi. Hesabu inasema vingine. Kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, ambayo awali ilihusu foleni, inaonyesha kwamba muda wa wastani ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizomo ikigawanywa kwa idadi zinazokamilika kwa siku. Timu yenye kadi 12 kazini, inayokamilisha 2 kwa siku, huchukua wastani wa siku 6 kwa kila kadi. Ikipunguza kadi hadi 6 na kasi ya kukamilisha ikabaki ileile, kila kadi itachukua siku 3. Hakuna aliyeongeza bidii. Kilichopungua ni kusubiri. Zana nyingi hubadilisha rangi ya safuwima inapovuka ukomo, na rangi hiyo iwe ishara kwa anayetaka kuanza kadi mpya kwamba amsaidie kwanza mwenzake kumaliza.

Kikao cha kupanga

Mwongozo rasmi wa Scrum unaruhusu kikao hiki kichukue hadi saa 8 kwa sprinti ya mwezi mmoja, na kwa sprinti fupi muda huwa mfupi zaidi. Kwa wiki mbili, saa mbili hadi tatu zinatosha ikiwa tiketi za juu ya orodha zimekwisha kuiva. Zisipokuwa zimeiva, hata siku nzima haitoshi.

Anzeni na lengo. Mwenye bidhaa aeleze kwa sentensi moja kitakachobadilika kwa mtumiaji: "Mwisho wa sprinti hii, mgonjwa ataweza kuweka miadi kwa daktari mmoja na kupata uthibitisho." Sentensi hiyo iandikwe katika sehemu ya lengo la sprinti, na kama zana haina sehemu hiyo, ifanyeni kuwa kadi ya kwanza juu ya ubao. Lengo lenye neno "na" mara nne si lengo, ni orodha iliyovaa nguo nyingine.

Kinachofuata ni kujua uwezo. Tuseme timu ina watu watano na siku 10 za kazi, jumla siku 50, na mmoja atakuwa likizo siku 4. Zimebaki 46, yaani asilimia 92 ya uwezo wa kawaida. Angalieni sprinti tatu zilizopita: kama timu ilikamilisha pointi (namba ambazo timu huzipa tiketi kukadiria ukubwa wake) 21, 26 na 19, wastani ni 22, na asilimia 92 ya 22 ni kama pointi 20. Hapo ndipo mstari unapochorwa. Timu isiyo na historia ichague kidogo kuliko inavyotamani. Kuongeza tiketi katikati ya sprinti kwa sababu kazi imekwisha hakumuumizi mtu.

Pointi zenyewe zikadiriwe na wanaoifanya kazi, kwa kulinganisha tiketi moja na nyingine, na mfuatano unaotumika sana ni 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Njia nzuri ni ile ya karata iliyoelezwa na James Grenning mwaka 2002, ambapo kila mmoja huchagua namba kwa siri na wote hufunua kwa pamoja, ili kauli ya mwenye cheo isiwavute wengine. Mmoja akitoa 2 na mwingine 8, msichukue 5 kwa haraka. Waulizeni hao wawili. Mara nyingi yule wa 8 amekumbuka wagonjwa wawili wanaobofya nafasi moja. Mazungumzo hayo ndiyo faida, na namba ni kisingizio cha kuyaanzisha. Ndiyo maana kulinganisha pointi za timu moja na za nyingine hakuna maana yoyote, hata kama ripoti ya zana inaruhusu.

Sasa tengenezeni sprinti ndani ya zana, wekeni tarehe, burutieni tiketi zinazohudumia lengo, kisha zile ndogo zinazojaza nafasi iliyobaki. Msigawe majina kwa tiketi zote siku ya kwanza. Mtu achukue kadi anapokuwa tayari kuianza. Kitufe cha kuanza kibofywe mwishoni kabisa, kwa kuwa zana kama Jira huweka kumbukumbu ya kilichokuwamo wakati huo, na kila tiketi inayoongezwa baadaye huonekana katika ripoti kama kazi iliyoingia katikati. Kilichochaguliwa hapo ni utabiri. Mwongozo wa Scrum uliacha kutumia neno la ahadi kwa kazi zilizochaguliwa tangu toleo la 2011, nayo mameneja wengi bado hawajasikia.

Sprinti inapoendelea

Kikao cha kila siku kisizidi dakika 15. Someni ubao kuanzia kulia kwenda kushoto, mkianza na kadi iliyo karibu kukamilika, kwa sababu swali la siku ni nini kinazuia hiyo isimalizike. Kadi iliyokwama iwekewe alama na sababu iandikwe ndani yake.

Dharura ikija, mathalani hitilafu inayowatoa watumiaji nje ya programu, iingizwe kwa idhini ya mwenye bidhaa na tiketi yenye ukubwa kama huo irudishwe kwenye orodha siku hiyohiyo.

Siku ya mwisho, onyesheni programu ikifanya kazi, si ubao. Tiketi isiyokamilika haihesabiwi nusu: pointi zake zote ni sifuri kwa sprinti hiyo, nayo irudi kwenye orodha kushindania nafasi upya. Wakati wa kufunga sprinti zana huuliza tiketi zilizobaki ziende wapi, na jibu la kuzihamishia zote sprinti ijayo ndilo rahisi, lakini ndilo linalozalisha tiketi zinazobebwa miezi mitano bila mtu kujiuliza kama bado zinahitajika. Katika kikao cha kujitathmini, jambo moja mliloamua kulirekebisha ligeuzwe tiketi yenye mwenyewe ndani ya sprinti inayofuata.

Kati ya grafu zote, ile ya kazi iliyobaki inatosha kwa kuanzia. Mstari ukikaa bapa siku nane na kuporomoka siku mbili za mwisho, tiketi ni kubwa mno au majaribio yanaachwa hadi mwisho.

Ukiulizwa programu itakuwa tayari lini, jibu kwa masafa. Pointi 110 zikiwa zimebaki, timu ikienda kwa kasi yake bora ya 26 itahitaji sprinti 5, na kwa kasi yake ndogo ya 19 itahitaji 6. Basi jibu ni kati ya wiki 10 na 12. Liandike jibu hilo katika maelezo ya toleo ndani ya zana pamoja na tarehe ulipolikokotoa, na ulikokotoe upya kila sprinti inapofungwa.