Kabla mtoto hajapanda basi la kwenda York

Zamani barua ya safari ilikutwa imejikunja chini ya begi. Siku hizi inaingia kwenye simu, imebanwa katikati ya jumbe nyingine za shule, nasi wazazi tuliotoka Afrika Mashariki tunatazama tarehe na kiasi cha pesa, tunabonyeza kukubali, basi. Ya York isomeni mpaka chini. Ni mji mdogo kaskazini mwa England, lakini siku yake ni ndefu, na sehemu kubwa ya siku hiyo mtoto yuko kwa miguu, nje.

Pesa kwanza, maana ndizo zinazowafanya watoto wengine "waugue" asubuhi ya safari. Katika shule za serikali za England, safari ya masomo inayofanyika ndani ya saa za shule hailipiwi ada. Shule inaomba mchango wa hiari, na hiari hiyo ni ya kisheria: mtoto haachwi kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Michango ikipungua sana safari nzima inaweza kufutwa, kwa hiyo mwenye nacho atoe. Asiye nacho aende ofisi ya shule mapema, aseme tu kwamba safari hii hataweza. Hakuna atakayemhoji habari za nyumbani kwake. Safari ya kulala huko ni hesabu nyingine, malazi yanaweza kutozwa, ingawa familia zinazopata baadhi ya misaada ya serikali husamehewa. Na kama mtoto wako anakula bure shuleni, uliza kuhusu chakula cha kubeba kabla hujaenda dukani.

Kwenye fomu ya afya, acheni kuficha. Najua tulikotoka maradhi ya mtoto hayatangazwi ovyo, lakini mwalimu anayeongoza watoto mtaani hawezi kusaidia asilolijua. Pumu, mzio, kutapika kwenye basi, vyote viandikwe, na dawa ipelekwe ikiwa na jina la mtoto. Kwa sikoseli nasisitiza zaidi. Baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu, na York ina vyote vitatu kwa siku moja. Mwambie mwalimu waziwazi: mtoto huyu anywe maji hata kama hajaomba, apumzike kabla hajalalamika, na koti lisivuliwe kwa sababu tu jua limechomoza. Watoto wengi hukwepa maji safarini wakiogopa foleni ya choo, kwa hiyo zungumza naye na yeye mwenyewe.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono, kikiwa cha baridi, pengine kwa kusimama. Chapati iliyokunjwa na yai inafaa kuliko wali. Sambusa sawa. Kashata za karanga zibaki nyumbani, hata kama mtoto amezililia, kwa sababu shule nyingi zinakataza karanga kabisa na kuna watoto ambao chembe tu inawafikisha hospitali.

Sasa viatu. Mabasi makubwa hayapenyi kwenye vichochoro vya katikati ya mji, hivyo watoto hushushwa pembeni na kutembea. Ukuta wa kale, wenye urefu wa kama kilomita 3.4, hutembelewa kwa juu, bila kiingilio. Mawe yake yamesuguliwa na nyayo za watu kwa miaka mingi, yakilowa yanateleza, na kuna vipande ambavyo upande wa ndani hauna uzio wa kushikilia. Raba zilizokwisha soli si za siku hiyo. Kukiwa na barafu ukuta hufungwa, na jua likizama pia. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mto Ouse nao hufurika mara kwa mara. Mwishoni mwa 2015 maji yaliingia kwenye jumba la maonyesho la Jorvik, likabaki limefungwa hadi 2017. Msishangae basi ratiba ikibadilishwa asubuhi yenyewe. Soksi za akiba kwenye mfuko wa nailoni zina faida kuliko pesa za kununulia vikorokoro.

Hayo ni ya begi. Ya kichwani ndiyo wazazi wengi tunayasahau, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito, kwa sababu mtoto asiyejua anachokwenda kuona atarudi na habari za duka la peremende tu.

Mpeni visa viwili vitatu jioni moja kabla. Warumi walijenga ngome hapo mnamo mwaka 71, wakapaita Eboracum. Mwaka 211 alifia hapo kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, mji ulio katika Libya ya leo. Yaani Mwafrika wa kaskazini aliyetawala dola yote ya Roma alimalizia maisha yake kwenye baridi ya York. Mwaka 306 askari wakamtangaza Konstantino kuwa kaisari huko huko York. Sanamu yake ya shaba imeketi nje ya kanisa kuu. Halafu kuna mwanamke wa karne ya 4 ambaye kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1901, akiwa amezikwa na bangili za pembe za ndovu na nyingine za jiwe jeusi. Wataalamu waliochunguza mifupa yake, matokeo yakatoka 2010, waliona dalili kwamba huenda asili yake ni Afrika ya Kaskazini, na vitu alivyozikwa navyo vinaonyesha alikuwa mtu mwenye mali. Mtoto mweusi anayeambiwa darasani kwamba watu wa kwao walifika Uingereza juzi, aende York akiwa na hadithi hiyo mfukoni.

Kwa wadogo, kinyesi kinatosha. Jorvik ni jumba la habari za Waviking, waliouteka mji mwaka 866, na humo kuna kinyesi cha binadamu kilichokauka kikawa kama jiwe, urefu wake kama sentimita 20. Kilifukuliwa 1972 mahali palipokuwa panajengwa benki. Mwenye kinyesi hicho alikula nyama na mkate, na tumbo lake lilijaa mayai ya minyoo. Hakuna mtoto atakayeisahau hiyo. Lakini humo ndani kuna giza na harufu zilizotengenezwa makusudi, kwa hiyo mwenye woga aambiwe mapema.

Wazazi Waislamu huuliza kuhusu kanisa kuu, York Minster. Mara nyingi wanafunzi huingia kwa somo la historia na sanaa, si kwa ibada. Kama una wasiwasi muulize mwalimu, na kumbuka sheria inakupa haki ya kumwondoa mtoto kwenye ibada ya shule. Dirisha kubwa la mashariki lilitengenezwa kati ya 1405 na 1408, na vioo vyake vya juu viko mbali mno kwa macho matupu. Darubini ndogo, kama ipo nyumbani, ibebwe.

Clifford's Tower, mnara wa kale juu ya kilima, ni jambo zito. Machi 1190 Wayahudi wa York, wapatao 150, walijificha kwenye mnara wa mbao uliokuwa juu ya kilima hicho, umati umewazingira. Wengi walijiua kuliko kukamatwa, mnara ukaungua, na waliotoka wakiahidiwa usalama wakauawa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuambiwa hilo kwa utulivu, na ni afadhali alisikie nyumbani kwanza, hasa kwenye familia zilizokimbia vita na kuacha makaburi nyuma.

Siku yenyewe usipange zamu ya kazi inayoisha dakika ileile basi linaporudi, maana foleni ya barabara kuu ya A64 haina huruma. Shule itatuma ujumbe kwa namba iliyo kwenye kumbukumbu zao. Kama ulibadilisha laini tangu Septemba, wapigie leo.