Kupiga Pambizo na Mistari kwa Mwandiko wa Torati

Katika kikundi chetu kidogo cha Kiebrania hapa Kisumu, karibu kila mgeni hushika kalamu kabla ya rula. Soferi, yaani mwandishi wa Kiyahudi wa hati takatifu, huanza kwa kupima. Maelezo haya ni ya zoezi la karatasi tu, kwa maana Torati ya kusomwa katika sinagogi huandikwa juu ya ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa kwa sheria ya Kiyahudi, na mkono wa mtu aliyefunzwa kazi hiyo na anayeishika sheria yenyewe.

Chukua karatasi ya A2 uisimamishe wima. Vipimo vya pambizo vimo katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, navyo vimetajwa kwa upana wa vidole: vidole 3 juu, 4 chini, na 2 kati ya safu na safu. Wapo wanaohesabu kidole kuwa sentimita 2 na wapo wanaokifikisha 2.4, hapa tutumie 2, hivyo juu utaacha sentimita 6, chini 8, na kati 4. Mimi niliwahi kuigeuza karatasi baada ya kupima, nikamaliza safu nzima pambizo pana likiwa kichwani, na tangu siku hiyo huandika herufi ndogo ya penseli kwenye kona ya chini. Safu ipe upana wa sentimita 14, unaotosha herufi 30 hivi, ambao ndio upana uliozoeleka.

Mistari hukwaruzwa bila wino. Biro iliyokwisha wino inafaa sana, ikivutwa kando ya rula kila baada ya sentimita 1. Hati nyingi za Torati za leo zina mistari 42 kwa safu, na kwa kipimo hiki yote inaenea. Sasa angalia kwa makini, maana hapa ndipo mkono uliofunzwa darasa la kwanza unapogoma: herufi za Kiebrania hazikai juu ya mstari, bali huning'inia chini yake, kama nguo kwenye kamba. Mwili wa herufi uchukue milimita 5, na milimita 5 zilizobaki ziwe wazi, kwa kuwa shingo ya lamedi hupanda juu ya mstari wake na mguu wa nuni ya mwisho wa neno hushuka. Kati ya neno na neno acha nafasi ya herufi ndogo, na kati ya herufi na herufi upana wa unywele, kwani herufi zinazogusana huiharibu hati.

Kisha uchague mapokeo ya mwandiko. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wengi wao hufuata ule uitwao Beit Yosef; Wahasidi, kundi la kidini lililotokana nao, wengi hufuata uitwao wa Ari; na Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, huandika uitwao Velishi. Tofauti yao huonekana upesi katika herufi mbili. Paa la heti ya Kiashkenazi huinuka katikati kama la nyumba ya mabati, na la Velishi limelala bapa. Katika tsadi ya Ari, herufi ndogo yodi inayounda upande wake wa kulia imegeuzwa kinyume na ilivyo katika Beit Yosef. Usichanganye; ukurasa wenye tsadi za aina mbili huonyesha kwamba mwandishi alinakili bila kujua anamfuata nani.

Kalamu ya kawaida ya Waashkenazi ni unyoya wa bata bukini au bata mzinga, lakini Wasefaradi wengi hutumia tete, na hilo kwetu watu wa kando ya ziwa ni nafuu. Mafunjo yanayojaa Dunga hayafai, kwa kuwa ndani ni laini. Tafuta tete gumu lenye uwazi ndani, likaushe, kisha ulichonge ncha bapa. Kabla ya kuanza, masoferi huijaribu kalamu yao kwa kuandika jina la Amaleki, adui wa Israeli katika Biblia, na kulikata kwa mistari. Fanya vivyo hivyo pembeni, na katika mazoezi usiliandike kabisa Jina la Mungu la herufi 4, kwa sababu likishaandikwa haliruhusiwi kufutwa.