Kona za meza na mtoto anayeanza kusimama: ndala chakavu na mabaki ya fundi AC yanatosha

Mtoto akishaanza kujivuta asimame, miezi 8 mpaka 10 hivi, kona ya meza ya sebuleni inakuwa usawa wa paji la uso. Mimi ni fundi sofa na wateja wananiuliza sana hili, kwahiyo nawapa ninavyofanya.

Hatua ya 1: piga magoti zunguka sebule nzima, kila kona inayokufikia usoni weka alama ya chaki. Anza na kona, ukingo baadae, kona ndo inachana ngozi.

Hatua ya 2: meza ikiwa ya mbao tupu na ni ya kwako, usihangaike na sponji, piga msasa namba 80 mpaka kona iwe duara alafu lainisha na 120, rudishia vanishi, umemaliza. Za kioo au za mwenye nyumba twende hatua ya 3.

Hatua ya 3: tafuta ndala zilizokatika ila soli bado nene, osha, anika. Kata kipande cha sentimita 4 kwa 10, katikati kwa ndani chana kidogo bila kutoboa ili kikunje vizuri kwenye kona, alafu kata pembetatu ya kufunika juu. Gundi ya viatu paka pande zote mbili, nyembamba, subiri ianze kukauka ndo ubandike ukikandamiza. Hii kazi fanya mtoto akiwa kwa bibi au kwa jirani, madirisha wazi, ile harufu sio ya mchezo, na kwanza jaribu chini ya meza maana kuna vanishi zinababuka.

Sponji ya godoro mimi siipendi, inabonyea mpaka kichwa kinakutana na mbao, na mtoto anaimeng'enyua anakula.

Hatua ya 4: ukingo mrefu, omba kwa fundi AC mabaki ya ile sponji nyeusi ya kuvisha mabomba, ipasue kwa urefu, ivishe kwenye ukingo, chini shikilia kwa selotepu ya pande mbili.

Hatua ya 5: acha ikauke siku nzima, alafu vuta kwa nguvu kama unagombana nayo. Ikitoka, bandika upya. Kila wiki kagua, ukiona alama za meno toa kabisa weka kingine, kipande kidogo kinaweza kumkaba.

Na kabati la TV lifunge ukutani kwa skrubu, hilo sponji haliwezi kulisaidia.