Kubuni kizuizi cha kinasi chenye kuchagua: naanzia AKT

Kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa mimi hulenga AKT, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) inayochochea seli kukua, kwa sababu uvimbe mwingi wa hatua hiyo umepoteza PTEN, protini iliyo breki yake. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na karibu zote zina mfuko unaofanana wa kushika ATP, molekuli ya nishati ya seli. Basi usianze kutafuta nguvu, tafuta tofauti. Linganisha muundo wa AKT na wa PKA na ROCK, kinasi jamaa zake, uone asidi amino zipi zinatofautiana kandokando ya mfuko, uelekeze molekuli yako huko. ROCK ipime mapema. Ukiizuia, shinikizo la damu hushuka.

Tafadhali usishangilie vipimo vilivyofanywa kwa ATP kidogo. Ndani ya seli imejaa tele, kwa kiwango cha milimola, na itakitoa kizuizi chako mfukoni.

Kwenye seli, pima PC-3 na LNCaP, aina za seli za saratani ya tezi dume zisizo na PTEN, kisha DU145 iliyo nayo. Sukari ikipanda kwa panya, usiilaumu molekuli haraka: AKT ndiyo hupitisha ujumbe wa insulini. Fikiria ratiba ya kupumzisha. Capivasertib, dawa inayozuia AKT, humezwa siku 4, ikaachwa 3. Halafu ijaribu pamoja na abirateroni, dawa inayozuia kutengenezwa kwa androjeni (homoni za kiume), maana ukifunga njia ya AKT peke yake, kipokezi cha androjeni huchangamka.